Shajara ya Mradi: Kumwaga Oili ya IST Uani, Tanga

Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Bodi NCP60, injini 2NZ-FE ya 1300 cc, giaboksi otomatiki. Mwenye IST ya 1500 cc, yenye injini 1NZ-FE, atumie vipimo hivi hivi, maana kwa upande wa oili injini hizi ni ndugu wa tumbo moja: kiasi kimoja, nati moja, filta moja. Mahali ni uani, Makorora. Juu ni mchanga, chini ya mchanga ni jiwe la matumbawe. Mshika spana ni mwenye gari mwenyewe, hajawahi kumwaga oili. Sisi tunasimamia na kuandika.

Anayeanza huwa na hofu ya kushindwa kufungua nati. Magari yanayoletwa gereji yakivuja baada ya kazi ya nyumbani hayana tatizo hilo. Yana nguvu iliyozidi kwenye nati, oili iliyozidi kwenye sampu (kibakuli cha oili chini ya injini), au haraka iliyozidi mtu akitoa filta. Ndiyo maana siku za mwanzo za shajara hii hazina kufungua kitu.

Jumanne: vipimo kabla ya pesa

Vimeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa banda, na vitabaki hapo:

Oili pamoja na filta mpya: lita 3.7.
Oili bila kugusa filta: lita 3.4.
Injini kavu, iliyofunguliwa yote na kufungwa upya: lita 4.1.
Nati ya sampu: kichwa namba 14, reza (mistari ya kuzungushia) M12 x 1.25, nguvu ya kukaza Newton mita 37.5.
Filta: Newton mita 17.5, au robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Hesabu zenyewe zinaeleza jambo ambalo watu hubishania. Ukitoa 3.7 kwenye 4.1 inabaki 0.4. Hiyo ni oili chafu isiyotoka hata ukiacha nati wazi mpaka adhuhuri. Imejificha kwenye njia za ndani, kwenye pampu na juu ya kichwa cha injini. Kwa hiyo oili mpya ikibadilika rangi ndani ya siku chache, usikimbilie kusema umeuziwa feki. Karibu sehemu moja kati ya kumi ya oili iliyomo ndani ni ile ya zamani.

Jambo la pili: oili nyingi huuzwa kwa galoni ya lita 4. Ukimimina galoni nzima umezidisha lita 0.3. Ukinunua ya lita 5 ukamimina yote kwa kuwa "si inaisha tu", umezidisha lita 1.3, na hapo shafti kubwa ya injini inaanza kuipiga oili inapozunguka. Oili ikipigwa inajaa povu, na povu halibebi shinikizo. Taa ya oili inaweza kuwaka huku sampu imejaa pomoni, na mtu asiyejua ataongeza nyingine. Dalili zinazofuata ni moshi wa bluu, oili kwenye bomba la hewa, na mwisho sili za shafti kuvuja.

Jumatano: dukani

Nusu ya siku imekwenda kwenye gredi ya oili, na inastahili.

Namba yenye W, mfano 5W au 10W, inahusu oili inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ya pili, 30 au 40 au 50, ni uzito wake injini ikiwa imeshapata joto, ikipimwa kwa nyuzi 100. Tanga usiku wa Julai, wakati wa kusi, joto huzunguka nyuzi 20. Kwa hapa, tofauti ya 5W na 10W haimpi mtu sababu ya kulipa zaidi. Namba ya pili ndiyo ya kuangalia. Injini hii ina VVT-i, yaani mfumo unaogeuza muda wa valvu kwa kusukumwa na oili hiyo hiyo kupitia vitundu vidogo na chujio dogo la waya. Pia mnyororo wake wa taimingi unakazwa na kifaa kinachosukumwa na oili. Vyote viwili vimepimiwa oili nyepesi. Tumechukua 5W-30 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana ikiwa na sili nzima. 10W-30 ingefaa sawasawa.

Vipi kuhusu 20W-50, inayosifiwa na mafundi wengi wa pwani? Kwenye injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi, inapunguza kelele na kupunguza kiasi kinacholiwa. Haitengenezi kitu, inaficha tu. Kwenye injini nzima inachelewa kufika juu asubuhi, na mnyororo ndio unaolipa: ule mlio wa kokoto kwa sekunde moja au mbili ukiwasha gari lililolala.

Kwenye galoni tafuta alama ya API, inayoonyesha kiwango cha ubora wa oili. Gari la petroli linaanzia herufi S. SN ilianza 2010, SP ilianza 2020. Yoyote kati ya hizo inatosha na kubaki. Kilichoandikwa CF peke yake ni cha dizeli. Na oili ya bodaboda yenye JASO MA iachie bodaboda: imetengenezwa isiwe na utelezi mwingi ili klachi inayoogelea kwenye oili isiteleze. IST haina klachi ya namna hiyo ndani ya injini.

Feki ipo, na rangi haiitambulishi. Angalia kizibo: pete yake ya chini iwe imeshikamana, na ukifungua ukute karatasi ya fedha imegandishwa sawasawa kwenye mdomo. Namba ya toleo iwe imechapwa kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye stika inayobanduka. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa la duka usilolijua tumeikataa bila mjadala.

Filta: namba ya Toyota ni 90915-10001, na ile ya 90915-YZZE1 inafunga pia. Za makampuni mengine zipo nyingi Ngamiani na baadhi ni nzuri. Kabla ya kulipa, tazama ndani kupitia tundu la katikati na vile vitundu vya pembeni. Nyuma ya vitundu lazima kuwe na mpira laini unaobonyea. Huo ndio unaozuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Filta ya bei ya kutupa mara nyingi mpira huo ni mgumu kama plastiki au haupo kabisa. Pitisha kidole kwenye gasketi ya nje pia: iwe imekaa kwenye mfereji wake mzima, haijapinda.

Washa ya nati ya sampu, ile pete bapa inayobanwa kati ya nati na sampu, ni kitu kidogo kinachosahauliwa na karibu kila mtu. Ya Toyota ni 90430-12031, tundu la milimita 12. Hununuliwa kila unapomwaga, kwa sababu kazi yake ni kubonyea mara moja. Ukikosa, washa ya shaba inaweza kurudiwa: iweke kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu ya kufifia, itumbukize kwenye maji, itatoka laini tena. Hiyo ni kwa shaba tu. Ya alumini itayeyuka kabla hujaona wekundu, na ya karatasi ngumu itaungua.

Alhamisi: vifaa, na mbao za kupandia

Boksi spana namba 14 ya pembe sita na mpini wake. Siyo ya pembe kumi na mbili. Hiyo inakamata kwenye ncha tu, na nati iliyowahi kuumizwa na mtu mwingine itaviringika kichwa. Ringi spana ya 14 iwepo pembeni. Kikombe cha kufungulia filta, cha milimita 65 na pembe 14. Faneli. Glovu za mpira. Taa ya kichwani. Matambara ya pamba. Vumbi la mbao nusu ndoo, la kunyonyea kitakachomwagika. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 limelazwa ubavu na kukatwa upande wa juu. Hilo ni beseni bora kuliko yote, refu, fupi kwenda juu, na lina mdomo wake tayari wa kuhamishia oili chafu. Hakikisha kizibo chake kimekazwa. Linachekesha, lakini hutokea.

Gari hili lina nafasi ya karibu sentimita 16 chini. Mtu mwembamba anaweza kufika bila kulinyanyua, ila hatakuwa na nafasi ya kuvuta spana, na spana isiyovutwa vizuri ndiyo inayokula kichwa cha nati. Tumechagua kupandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao badala ya jeki. Mbao ni za mtiki, unene sentimita 5, upana 25, zilizotoka mashamba ya Longuza kule Muheza. Kila upande zina ngazi mbili: ubao mrefu chini, mfupi juu, umepigiliwa misumari, na kipande cha kuzuia gurudumu kimewekwa mbele. Jumla ya kupanda ni sentimita 10. Mbao za paleti tumeziweka kando, zinapasuka kwa urefu bila taarifa.

Anayetumia jeki anahitaji stendi mbili za chuma, na kwenye mchanga kila stendi iwe juu ya ubao mpana, la sivyo mguu mmoja utazama gari likiwa juu ya kifua chako. IST ina uzito wa tani moja hivi. Jeki peke yake siyo ya kulala chini yake hata kwa dakika moja. Tofali za bloku zinapasuka ghafla. Jiwe la matumbawe nalo lina matundu ndani usiyoyaona. Hapa hakuna "haraka haraka nafungua tu nati".

Ijumaa jioni: kulala chini mikono mitupu

Gari limepandishwa, limewekwa P, hendibreki juu, kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Halafu mwenye gari ameingia chini na taa, bila spana, ajibu maswali matatu: sampu iko wapi, filta iko wapi, giaboksi iko wapi.

Zoezi hili linazuia kosa ghali kuliko yote: kumwaga hidroliki ya giaboksi ukidhani ni oili ya injini, halafu kuongeza lita 3.7 juu ya oili ambayo haijatoka. Unawasha gari, injini imejaa kupita kiasi na giaboksi ni tupu. Kwenye IST, injini iko upande wa kulia, kwa dereva, na giaboksi upande wa kushoto, kwa abiria. Zote mbili zina kibakuli cha bati chini na zote zina nati ya kumwagia. Fuatisha kwa macho: juu ya sampu ya injini kuna mikanda na feni ya alteneta, juu ya ile nyingine hakuna. Hidroliki ikiwa bado nzuri ni nyekundu. Kesho kitu chekundu kikianza kutoka, rudisha nati papo hapo.

Filta iko mbele ya injini, chini, upande unaotazama redieta. Magari mengi yaliyopita mikononi mwa watu hayana tena kava za plastiki za chini. Hili limebaki na kipande kimoja kimeshikwa na klipu mbili. Klipu za pwani hukakamaa kwa chumvi na jua, kwa hiyo sukuma pini ya katikati taratibu, usitumie bisibisi kama tindo.

Kuna oili imekauka na vumbi juu ya ukingo wa sampu. Tumeifuta yote kwa tambara na petroli kidogo, injini ikiwa baridi na hakuna moto karibu. Usafi siyo urembo. Kesho na keshokutwa tutataka kujua kama kuna uvujaji mpya, na kwenye uchafu wa zamani huwezi kujua.

Jambo la mwisho kabla ya giza: kizibo cha kujazia juu ya injini kimejaribiwa kufunguka. Usimwage kitu ambacho huna uhakika wa kukirudishia.

Jumamosi, saa moja asubuhi

Tumeanza mapema kwa sababu ya upepo. Mpaka saa tatu upepo wa bahari huwa haujaamka, na uzi mwembamba wa oili inapokaribia kuisha hupeperushwa nje ya beseni kwa urahisi.

Injini imewashwa dakika nne tu, gari likiwa limesimama, kisha imezimwa na kuachwa dakika kumi. Lengo ni oili ya vuguvugu: itiririke na ibebe uchafu, isimchome mtu. Gari lililotoka Muheza sasa hivi lina oili ya karibu nyuzi 90 na ekzosi ya kuunguza ngozi. Liache lipoe zaidi ya nusu saa.

Kizibo cha juu kimelegezwa ili hewa iingie, na kijiti cha kupimia kimevutwa kidogo. Upande wa ndani wa kizibo umekutwa na utando wa njano unaofanana na maziwa mgando. Hapa ndipo wengi hushtuka na kusema gasketi ya silinda hedi imekwenda. Mara nyingi sivyo. Hewa ya Tanga ina unyevu, na gari linalotumika kutoka Makorora kwenda sokoni na kurudi halipati joto la kutosha kuuchemsha mvuke utoke. Unaganda sehemu ya juu iliyo baridi. Tofautisha hivi: utando ukiwa kwenye kizibo tu, na kijiti ni safi, na maji ya redieta hayapungui, ni unyevu. Kijiti nacho kikiwa cheupe, au maji yanapungua bila kuvuja nje, simamisha mradi, umwite fundi wa injini. Kwenye gari hili kijiti ni safi. Tumeendelea.

Saa moja na nusu: nati

Ukiwa umelala chali na nati inakutazama, fungua kinyume cha mwendo wa saa. Ubongo wa mtu aliyelala hugeuza pande, kwa hiyo fikiria unatazama kichwa cha nati uso kwa uso, siyo gari kwa juu. Ikiwa haijalegea kwa mvuto mmoja wa mkono, usirukie bomba la kurefusha mpini. Hakikisha kwanza boksi imeingia mpaka mwisho na kwamba unavuta upande sahihi. Nati nyingi "zilizogoma" zilikuwa zinakazwa.

Ikishalegea, weka spana chini na malizia kwa vidole, huku ukiisukuma nati kuelekea ndani muda wote. Ukihisi reza zimekwisha, ivute pembeni kwa mkupuo mmoja. Oili itatoka kwa tao, haitashuka wima, kwa hiyo beseni liwe limesogezwa mbele ya tundu, siyo chini yake. Kadiri nguvu inavyopungua, lirudishe taratibu.

Dakika kumi na tano za kusubiri zimetumika kusoma kilichotoka. Nyeusi ni kawaida. Harufu kali ya petroli huashiria safari fupi mno au plagi isiyochoma vizuri. Chukua kidogo kwenye tambara jeupe, nenda juani, uligeuze geuze: vumbi laini la fedha kidogo sana kwenye injini ya umri huu halitishi, lakini chembe unazoweza kuzihisi kwa kucha, au zenye rangi ya shaba, ni beringi.

Nati imefutwa na reza zake kukaguliwa. Washa ya zamani haikuwa kwenye nati. Ilikuwa imegandia kwenye sampu, rangi moja na bati. Imebanduliwa kwa ukucha. Ukifunga washa mpya juu ya ya zamani, nati itahisi imekaza huku washa mbili zikiteleza juu ya zenyewe, na itavuja au kulegea barabarani.

Sasa kukaza. Sampu ikifa reza, unatafuta fundi wa kutoboa upya au sampu nyingine, na karibu kila reza iliyokufa ilikazwa na mtu aliyeogopa kuvuja. Anza kwa vidole, mizunguko minne au mitano bila spana. Ikikataa kwa vidole imeingia upande. Toa, anza tena. Kisha Newton mita 37.5. Asiye na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, atumie mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki: fungia ndoano kwenye ringi spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba na mpini mpaka isome kilo 19. Spana yako ikiwa fupi, ya sentimita 18, ni kilo 21. Hapo acha. Mwenye gari ameshangaa kwamba ni kidogo hivyo.

Saa mbili: filta

Beseni limesogezwa chini ya filta kwanza, maana ina kama lita 0.3 ndani na itazimwaga ukiilegeza mzunguko mmoja. Kikombe kimeifungua bila shida. Kama huna kikombe, zungushia msasa wa kitambaa, upande wa mchanga ndani, ushike kwa mkono mkavu. Kuichoma kwa bisibisi ni njia ya mwisho kabisa: bati linachanika, na ukibaki na sahani yenye reza peke yake kwenye injini hutakuwa na pa kushika.

Kilichofuata ni ukaguzi ambao hatuuruki kwenye gari lolote: gasketi ya filta ya zamani imetoka na filta, au imebaki kwenye injini? Geuza filta utazame. Pete ya mpira isipokuwepo, ingiza kidole juu, iko huko. Gasketi mbili zikikaa pamoja zinaweza kushikilia injini ikiwa saileni, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mtu akafurahi, akafunga boneti. Akikanyaga mafuta shinikizo linapanda, moja inachomoka, na pampu inaisukuma oili yote barabarani kabla hajafika mbali. Kwa dereva asiyetazama dashibodi, injini imekufa.

Uso wa kukalia filta umefutwa kwa tambara lisilo na nyuzi. Gasketi mpya imepakwa oili mpya kwa kidole, ukanda mwembamba. Bila hivyo mpira unashika bati, unajisokota, na mwakani hautafunguka. Filta imeingizwa kwa mkono mpaka gasketi imegusa, imetiwa alama ya kalamu, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, siyo kwa kikombe. Kuijaza filta oili kabla hatukuifanya. Hii inakaa kwa kuinama, utamwaga zaidi ya utakachobakiza.

Saa mbili na nusu: kujaza

Kabla ya kumimina, mwenye gari amesema kwa sauti: "Nati imo, washa imo, filta imo." Ni mtindo wa kitoto na hatutauacha.

Zimeingia lita 3.3 kwanza, kwa kusoma mstari ulio ubavuni mwa galoni. Taratibu, kwa faneli. Dakika tano. Kijiti kinaonyesha oili ipo. Kizibo kimefungwa, gari limewashwa, hakuna kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili imekaa kidogo, kisha imezima. Kuchelewa sekunde mbili tatu ni filta inajaa. Ikifika kumi, zima injini, tafuta sababu.

Dakika mbili za saileni, mtu mmoja akimulika chini. Gazeti limepitishwa chini ya nati na kuzunguka filta: kavu. Injini imezimwa, gari limeshushwa kwenye mbao kwa kuongozwa, limewekwa pale pekee uani palipo tambarare, mbele ya banda. Kupima likiwa juu ya mbao ni kujidanganya. Baada ya dakika nane kijiti kimefutwa, kimeingizwa mpaka mwisho, kimetolewa: chini kidogo ya alama ya juu. Imeongezwa kidogo kidogo mpaka imegusa alama bila kuipita. Jumla ni karibu lita 3.7, kama chaki ya ukutani inavyosema. Zisingeoana, tungerudi chini ya gari kabla ya kwenda popote.

Jumamosi mchana: oili chafu

Hii haina mkato. Filta ya zamani imesimamishwa mdomo chini juu ya beseni hadi kesho. Oili imehamishiwa kwenye galoni tupu ya lita 4 na kuandikwa "CHAFU" kwa herufi kubwa, kwa sababu kila nyumba ina mtu anayependa kumimina kisichojulikana.

Majirani wameiulizia kwa ajili ya mchwa kwenye nguzo za ua. Tumekataa. Ardhi hii ni mchanga na matumbawe, haizuii kitu. Kinachomwagwa juu leo kinashuka kuelekea kwenye maji ya visima vya mtaa huu. Kwenye mtaro ndiyo kabisa, mvua ya kwanza inaipeleka kwenye mikoko ya ghuba. Kisheria ni taka hatarishi: kanuni za 2021 chini ya sheria ya mazingira zinataka anayekusanya na kusafirisha awe na kibali cha mamlaka ya mazingira. Njia ya mtu wa nyumbani ni gereji kubwa yenye pipa la kukusanyia. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea, na usichanganye na maji, petroli wala hidroliki ya breki, hawataichukua. Matambara na vumbi la mbao lililonyonya vimefungwa kwenye mfuko peke yake, usivirundike juani.

Jumapili: baada ya kulala

Kadibodi iliyowekwa chini ya injini usiku kucha ni kavu. Kijiti kimepimwa gari likiwa baridi kabla ya kuwashwa: hakijashuka. Safari fupi mpaka Pongwe na kurudi, kisha gazeti tena kwenye nati na filta. Kavu. Nati haikuongezwa mkazo. Ile desturi ya "kuiongezea robo kidogo" baada ya siku moja ndiyo inayoua reza taratibu.

Stika imebandikwa mlangoni: tarehe, kilomita za leo, na za kumwaga tena, yaani 5,000 mbele au miezi sita, kinachotangulia. Kwa gari la safari za Tanga na Dar, kama kilomita 350 kwenda tu, kilomita zitatangulia. Kwa hili la sokoni na shuleni itatangulia miezi, na ndilo linaloihitaji zaidi, maana maji na petroli vinabaki ndani ya oili.

Kilomita 1,000 baadaye

Oili imekuwa kahawia, haijawa nyeusi. Kiwango kimeshuka kiasi kisichofika robo ya nafasi kati ya alama mbili. Kwa injini ya umri huu tunakiandika tu. Mlio wa mnyororo asubuhi haupo. Kizibo kina utando mwembamba tena, kijiti safi, redieta imejaa.

Limetokea pendekezo la kumimina dizeli ndani na kuwasha injini dakika chache "kuosha tope" kabla ya kumwaga tena. Tumelikataa. Dizeli ni nyembamba mno kubeba beringi, na ile lita 0.4 isiyotoka itabaki na dizeli ndani yake, ichanganyike na oili mpya. Kama tope lipo, dawa ni kumwaga mapema, kilomita 1,500 badala ya 5,000, kwa oili ile ile na filta mpya.

Kilichobaki kwenye galoni, lita 0.3, kiko kwenye buti, kimefungwa, kwa kuongezea. Washa ya pili imenunuliwa na kufungwa kwa uzi kwenye kikombe cha filta.